Kadi Niliyomnyanyulia Mama

Ruthi mwanangu,

Ile kadi nyekundu aliyonyanyuliwa mama, mkono wangu ulikuwemo. Hakuna anayejua. Mama hajui, mchungaji hajui, na hata wale niliokaa nao meza moja siku ile hawajui kwamba sauti tuliyokuwa tukiisikiliza ilikuwa ya mama yangu mzazi. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, na nakuambia kwa karatasi kwa sababu unanijua. Mdomo wangu ukifika kwenye jambo zito hufunga kama duka siku ya msiba.

Utacheka kuona nimekuita mwanangu. Cheka tu. Nimekuzidi miaka saba, lakini mama alipokuwa akiondoka alfajiri kwenda Oldonyo Sambu kufuata maziwa, mgongo uliokubeba ulikuwa wangu. Wenzangu wa shule ya msingi waliniita Mama Ruthi kunidhihaki. Na wewe ulipoanza kusema, mama ulimwita mama wa maziwa, mimi ukaniita mama wa nyumbani. Mama alicheka mpaka akakaa chini, kisha nikamwona anafuta macho. Kwa hiyo leo nakuandikia kama mama wa nyumbani. Mama wa maziwa ana yake ya kukuambia.

Sasa hivi ni alasiri, niko peke yangu. Wewe na mama mmekwenda kumuaga Koko, bibi wa Oldonyo Sambu anayemuuzia mama maziwa, maana amesema hutavuka upande wa pili wa mlima kwenda shule ya bweni kabla hajakutemea mate ya baraka. Tranka lako liko mlangoni, jina lako nimeliandika kwa rangi nyeupe na herufi ya mwisho imechuruzika. Habari za soksi, sabuni, na kutokuazima kijiko cha mtu sitaziandika. Hizo mama ataziimba mpaka basi liwashe injini.

Nakuandikia kwa sababu ya jana pale bombani.

Nilikuwa nimesimama kwenye kona ya ukuta, hukuniona. Zamu yako ilikuwa imefika. Akaja yule binti wa mwenye nyumba ya geti jekundu, akaisogeza ndoo yako kwa mguu, akaweka yake. Kwa mguu, Ruthi. Na wewe ukamwambia, "Samahani," ukaichukua ndoo yako ukarudi nyuma. Mtu anaipiga teke ndoo yako halafu wewe ndiye unayeomba samahani. Nilipokuuliza tukirudi nyumbani, ulinijibu bila hata kunitazama: "Dada, sitaki na mimi niitwe Nyekundu."

Tangu jana chakula hakipiti. Ile samahani hukufundishwa na mama. Mama hajawahi kurudisha ndoo nyuma maisha yake yote. Ulijifunza kwa yaliyompata, na yaliyompata yalipitia mezani kwangu. Ngoja nikueleze yote, hata yale unayoyajua, kwa sababu wewe unayajua kutoka upande wa uwanjani tu.

Nilipomaliza shule nikawa nakaa nyumbani, asasi moja ilitafuta vijana kutoka mitaa mbalimbali ya mjini, wakae kwenye jopo la kupima staha ya kauli za kampeni. Uchaguzi wa wenyeviti wa mitaa ulikuwa unakaribia. Mama ndiye aliyeniambia niombe. Alisema itanifungua mdomo. Tulikutana kwenye ukumbi mmoja Lemara, meza kadhaa, kila meza na spika yake ndogo katikati. Msimamizi wetu, Dada Glory, alikuwa anatuwekea sauti zilizorekodiwa mikutanoni, zile ambazo mtu anasema habari za kundi fulani la wapiga kura: akina mama, vijana wa bodaboda, wafugaji, wazee, wapangaji; pamoja na majibu ya wasikilizaji. Tukishasikiliza tunanyanyua kadi. Kijani maana yake kauli ina staha. Njano, ina mashaka. Nyekundu, haina staha. Zenye nyekundu nyingi zilikuwa zinasomwa redioni Jumamosi, bila jina la msemaji, ili watu wajirekebishe.

Dada Glory hakuwa mtu mbaya, nataka ulijue hilo. Alikuwa anatuletea maandazi. Alikuwa na sentensi moja aliyoirudia kila asubuhi: tupime maneno, tusipime moyo, kwa sababu moyo hakuna anayeuona. Mimi niliipenda sana sentensi hiyo. Kwa mtu mwenye haya ni sentensi nzuri mno. Inakupa ruhusa ya kutosema unachokihisi.

Na kulikuwa na kanuni nyingine. Ukiitambua sauti ya msemaji, ndugu au jirani, unalaza kadi zako kifudifudi, unatoka nje mpaka wengine wamalize. Huulizwi kitu. Pale mezani alikuwepo kijana mmoja anaitwa Hamisi, baba yake ana duka la vitambaa mjini, ambaye hakuna jambo asilolitania. Siku moja ilisikika sauti ya mzee akiwasema vijana wa bodaboda kwamba akili zao ziko kwenye ekzosi. Hamisi akalaza kadi zake, akasema, "Huyo ni baba mdogo, naye pikipiki anayo," akatoka nje anapiga mluzi. Watu wakacheka, kazi ikaendelea. Ilikuwa rahisi kiasi hicho.

Mimi nilikuwa nangoja. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yangu ya kufanya kazi. Spika ikinyamaza, naangalia mikono ya wenzangu kwa pembe ya jicho, nikiona rangi inayoshinda ndipo na mimi nanyanyua. Nilidhani hakuna anayegundua. Siku moja Hamisi akaniambia mbele za watu, "Aika, kadi yako inafuata ya kwangu kama mkia. Kesho nikinyanyua kiatu utavua kiatu?" Niliona joto mpaka masikioni. Lakini kesho yake nilifanya vilevile.

Sasa njoo kwenye mkutano ule, ambao wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo. Uliporudi jioni ulinisimulia huku umesimama juu ya stuli, umejifunga leso ya mama kiunoni, unamwigiza. Kwa hiyo yote niliyajua. Nilijua kwamba yule mgombea wa mtaa wetu, Bwana Ezekieli, alizungumza taratibu na kwa tabasamu. Nilijua alivyoanza kwa kuwashukuru wapangaji kwa utulivu wao. Na sehemu iliyobaki niliisikia kwa masikio yangu siku ya tatu yake, pale Lemara, kwa sababu Dada Glory aliiweka kwenye spika:

"Ndugu zangu wapangaji nawapenda sana na nawaheshimu sana. Ninyi ni wageni wetu. Na mgeni mwenye adabu, akikaribishwa chakula, haingii jikoni kuchagua kijiko. Siku ya kura pumzikeni nyumbani na watoto, mtuachie sisi wenye ardhi tuhangaike."

Makofi. Kicheko. Spika ikanyamaza.

Nilijua kuna kitu kimefanyika pale. Ameambiwa mtu asipige kura, na ameambiwa kwa namna ambayo akilalamika yeye ndiye anayekosa adabu. Lakini nilipotafuta tusi sikulipata. "Nawapenda" ilikuwepo. "Nawaheshimu" ilikuwepo. Hamisi akanyanyua kijani, wengine kijani, binti mmoja wa Sakina akasita na njano kisha akaishusha. Mimi kijani.

Halafu Dada Glory akasema inayofuata ni ya mkutano huohuo, kipande kifupi tu.

Nilimjua kwa kikohozi. Kabla hajasema neno, alikohoa kile kikohozi chake cha baridi ya alfajiri, nami nikajua. Kisha sauti ikapasuka:

"Nyamaza wewe. Fisi uliyevaa suti. Mnafiki mkubwa, huna haya wewe, huna hata chembe."

Basi. Kipande kikaishia hapo.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kadi. Kuzilaza kifudifudi ni kazi ya mtoto wa chekechea. Ila kutoka nje ilikuwa maana yake kila mtu pale ajue kwamba mwanamke yule anayepiga kelele ni wangu. Na Hamisi alikuwa ameshasema, "Huyu mama akipewa kipaza sauti, Meru itahama." Wakacheka wote. Dada Glory mwenyewe aliziba mdomo.

Na mimi nilicheka.

Hapo ndipo penye kidonda changu, kuliko hata kadi. Kadi ningeweza kuitetea. Kwa kanuni tulizopewa, ilikuwa sahihi, maana mama alitukana, alimwita mtu fisi mbele ya watoto. Sitaki ukue ukidhani mama hawezi kukosea. Lakini nilijua kilichokuja baada ya kipande kile, kwa sababu uliniigizia wewe juu ya stuli. Nilijua mama alisema kwamba mtaro wa lile bomba aliuchimba akiwa na mimba yako, wakati huyo mwenye ardhi amelala. Nilijua alisema, "Kitovu cha mtoto wangu kimezikwa kwenye udongo huu, nyuma ya nyumba ya kupanga. Mgeni gani ana kitovu kwenye ardhi ya watu?" Ningeweza kunyoosha mkono nikamwomba Dada Glory atafute sehemu iliyobaki. Si lazima hata niseme ni mama yangu. Ningesema tu: kipande kimekatwa.

Niliangalia mikono. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikanyanyua nyekundu.

Jumamosi ilisomwa redioni. Unakumbuka tulikuwa tunachambua mchicha, redio iko kwenye dirisha la Mama Samweli. Mtangazaji akasema "mwanamke mmoja wa Moshono," akasoma maneno ya mama polepole kama anayesoma maelezo ya dawa. Mama alisimamisha kisu. Alisema tu, "Kumbe nilisema vibaya hivyo," akaendelea na mchicha. Wewe ndiye uliyekasirika. Ulisema hao watu wa kadi ungewajua ungewatupia maji ya vyombo. Mliamini sauti ile ilipimwa na meza nyingine, nami nilikuwa nimekaa karibu nawe, goti langu limegusa goti lako.

Kauli ya yule bwana haikusomwa. Ilikuwa na staha.

Yaliyofuata uliyaona. Wateja walianza kumwita Mama Nyekundu, mwanzoni kwa utani, na mama akawa anacheka nao. Mmoja akamuuliza kama maziwa ya leo hayajachacha kwa hasira. Kisha mwenyekiti wa kamati ya bomba akaja kumwambia, kwa upole kabisa, soda mkononi, kwamba apumzike kwanza kwenye kamati mpaka mambo yatulie. Upole mwingi kila mahali. Nimekuja kuuchukia upole wa namna ile, Ruthi, ule wa kumtoa mtu nje huku umemshikia mlango.

Na siku ya kura mama aliamka akaoga, akavaa lile gauni la kitenge la Krismasi. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni. Tukangoja. Ulimwuliza, "Mama, huendi?" Nataka kukukumbusha alivyokujibu, kwa sababu nadhani umejilazimisha kusahau.

"Mgeni hachagui kijiko."

Akaingia ndani, akavua gauni, akachukua beseni la viazi. Kura yangu nilipiga mwenyewe, na nilipokuwa kwenye foleni niliwatafuta wapangaji wenzetu wa uani. Baba Samweli hakuwepo. Wale dada wa saluni hawakuwepo. Bwana Ezekieli alishinda. Labda angeshinda hata kama tungekwenda wote, sijui. Ila yeye aliomba jambo moja kwa lugha safi na amelipata, na mimi niko miongoni mwa walioigongea lugha hiyo muhuri wa usafi.

Usidhani nimemaliza. Kuna la isale, jani la kuombea msamaha kwetu Wachagga.

Wiki moja baadaye mwenyekiti mpya alikuja hapa uani. Ulikuwa shuleni kuchukua cheti chako, kwa hiyo hili ulisikia juujuu tu. Alikuja na Mzee Elia, mzee wetu wa Kilimanjaro anayeheshimiwa na kila Mchagga mtaa huu, na Mzee Elia ameshika jani la isale. Nyuma yao kulikuwa na kijana anarekodi kwa simu.

Mama ametufundisha habari za isale tangu tukiwa wadogo. Jani lile likiletwa na mtu wa kati, yule aliyekosewa hana la kusema. Hata kama alimwagiwa damu, anapokea. Kulikataa ni kujiitia laana wewe na watoto wako. Ndiyo maana halitumiki ovyo. Wazee wanaenda kwanza bila jani, wanakaa, wanasikiliza, wanaruhusu aliyekosewa amalize hasira yake yote, pengine siku kadhaa. Jani linakuja mwishoni. Bwana yule si wa kwetu, alielekezwa na mtu, akaelekezwa nusu. Akaanza na jani.

Alisema, "Mama, kama kuna mahali nilikukwaza, naomba unisamehe." Mama alikuwa na mikono ya unga. Alimtazama Mzee Elia, na Mzee Elia akatazama chini. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akapokea jani kwa mikono miwili. Yule kijana wa simu akamwomba atabasamu kidogo.

Walipoondoka, Mzee Elia alibaki nyuma akamwambia mama kwa Kichagga kwamba hakujua kama kutakuwa na simu. Mama akamjibu kwamba hata yeye hakujua. Ndiyo mazungumzo yote.

Na unajua mimi nilikikuta tena wapi kisa hicho? Mezani, Lemara, siku ya kufunga jopo. Dada Glory alikuwa amefurahi, alisema tumalizie na mfano mzuri, mfano wa kiongozi aliyejishusha. Spika ikasema, "Mama, kama kuna mahali nilikukwaza." Nyuma ya maneno yale nilisikia kuku wetu. Kijani, kijani, kijani. Safari hii, Ruthi, sikungoja. Nilinyanyua njano kabla ya Hamisi.

Dada Glory akaniuliza kwa wema kabisa, "Aika, neno gani hapo lina kasoro? Tusaidie."

Hakukuwa na neno. Kasoro ilikuwa kwenye jani, na jani halisikiki kwenye spika. Ilikuwa kwenye simu ya yule kijana. Ilikuwa kwenye mikono ya mama yenye unga. Ningesema hayo ningelazimika kueleza nimeyajuaje. Nikasema nimekosea rangi, nikanyanyua kijani. Hamisi hakunitania siku hiyo. Alinitazama tu, na ningependelea angenitania.

Nimekuwa nikijiuliza tangu wakati huo kazi ile ilikuwa ya nini. Sisemi watu watukanane kwenye majukwaa, kwa sababu nilisikia mengine pale mezani ambayo siwezi kukuandikia, maneno juu ya wafugaji na juu ya wajane ambayo yalistahili nyekundu kumi. Kupima kunahitajika. Ila sisi tulipima kama anayepima maziwa kwa weupe. Mama huwa hafanyi hivyo. Mama anaonja, na akiona yana maji hata kama ni meupe kama pamba, anayarudisha kwa Koko na wanagombana mpaka wanacheka. Mimi nilikuwa na ulimi, sikuonja.

Kwa hiyo unapokwenda huko bwenini, nakuomba kitu kimoja tu, na nitajitahidi kisiwe hubiri. Mtu akisukuma ndoo yako kwa mguu, usiombe samahani. Huhitaji kumwita fisi. Irudishe tu ndoo mahali pake. Ukiona huwezi, kwa sababu mimi najua kuna siku mtu hawezi, basi angalau usicheke na wanaocheka. Nimejaribu yote mawili. Kushindwa kusema nimeshazoea, huuma kisha hupoa. Kile kicheko hakijapoa.

Na usichukue jina la mama kama kitu cha kukimbia. Mwanamke yule alisimama uwanjani akasema kitovu chako kiko hapa. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kukutetea hivyo mbele ya kipaza sauti, hata mimi mama yako wa nyumbani sijawahi.

Sasa nimefika kwenye lililonifanya nikae chini kuandika badala ya kukukunjia shuka.

Jumapili hii, tukitoka ibada, nitamwambia mama. Asubuhi, mlipokwisha kuondoka, nilikwenda kwenye uzio wa Mzee Elia nikamwomba jani la isale. Hakuniuliza la nini. Alinichagulia lililonyooka. Nililiweka kwenye kikombe cha bati chenye maji, nyuma ya mlango. Kwa desturi hulipeleki mwenyewe, linapelekwa na mtu, na nilifikiri mtu huyo uwe wewe: ulipeleke usiku huu, kabla ya safari, mama apokee, mimi niwe nje nasikiliza dirishani. Nilikuwa nimeshaanza kupanga maneno utakayosema.

Kisha nikaliangalia lile jani kwa muda mrefu. Nikikutuma, nimengoja tena mkono wa mwingine unyanyuke kwanza. Na nikimpelekea mama jani, hata likipelekwa na malaika, hana njia ila kupokea. Ameshapokea moja mwaka huu kwa namna hiyo. Sitaki la kwangu liwe la pili.

Nimelirudisha kwa Mzee Elia. Nimemwambia asante, bado. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akilitarajia.

Jumapili nitakwenda mikono mitupu. Nitamwambia ilikuwa mimi, na kwamba nilicheka. Akitaka kunitukana anitukane, na kama ni fisi niitwe fisi. Akitaka kunyamaza wiki nzima, anyamaze. Nataka awe na uwezo wa kukataa. Mtaa huu wote mwaka huu hakuna aliyempa uwezo huo, na wote walizungumza naye kwa staha.

Naogopa, Ruthi. Huenda asinisamehe haraka, na huenda usinisamehe hata wewe. Wewe uliapa kuwamwagia maji ya vyombo. Maji yatakuwepo ukirudi likizo.

Barua hii nimeikunja ndani ya ile leso uliyojifunga siku ya stuli, chini kabisa ya tranka. Mama hatafika huko, kwa sababu juu ataweka sabuni na hataivuruga tena. Ukiisoma itakuwa usiku wa kwanza huko, pengine Ijumaa. Jumamosi wanawaruhusu kupiga simu nyumbani. Piga. Mwambie mama umefika, mwambie kitanda kikoje, mwambie wali una mawe. Ukisikia anacheka, mwache acheke.

Lakini hili usimwambie. Usimwambie hata kwa kunitetea, wala kwa kunitayarishia njia, na najua ndivyo utakavyotaka kufanya kwa sababu hata ukikasirika unanipenda. Likitoka kinywani mwako, nitakuwa nimenyanyua kadi nyuma ya mkono wako. Nifungie mdomo siku mbili tu, mwanangu. Nitunzie mpaka Jumapili jioni, nilifungue mimi.

Mama yako wa nyumbani,
Aika